Furaha na Majibu Mawili

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Bukavu kwenye baridi. Mko aje hapo Sange? Mguu wa mama umeacha kuvimba? Mimi ni mzima. Kikohozi kinanitembelea jioni na kuondoka chenyewe, na ofisini bado napiga mashini ya kuandika kutwa nzima.

Habari yenyewe ni hii: binti yako Furaha amepata nafasi katika shule ya masista. Furahi kwanza, kisha endelea kusoma, kwa maana namna alivyoipata itakuuma, na afadhali uisikie kwangu.

Mtihani wa kuandika alifanya vizuri. Ilibaki hesabu moja iliyowagawanya walimu, basi watoto waliokuwa wamefungana kwa pointi wakaitwa waieleze kwa mdomo, kila mmoja na mtu wa kwao. Nilikwenda mimi, shangazi, kwa niaba yako. Ubaoni iliandikwa hivi: 24 : 2(3 + 1).

Furaha alikuwa amejibu 48. Unajua alivyofika hapo, maana wewe ndiye mwalimu wake tangu darasa la kwanza. Mabano kwanza, yanatoa 4. Kisha kugawanya na kuzidisha ni ndugu, anayetangulia upande wa kushoto anahudumiwa kwanza. Ishirini na nne kwa mbili ni kumi na mbili. Mara nne, arobaini na nane. Masista wanafundisha vingine. Kwao ile 2 iliyogusana na mabano ni mama aliyebeba mtoto mgongoni, huwezi kumwita mama ukamwacha mtoto. Kwa hiyo 2 mara 4 ni 8, na 24 kwa 8 ni 3.

Mimi nikaona jambo la kazi yangu. Aliyeitunga nadhani alichora mstari, 24 juu na mengine chini. Mpiga mashini akayaweka yote sambamba, kwa sababu kupanga namba juu na chini kunasumbua. Nikamwambia prefe wa masomo, mkuu wa shule: « Citoyen Prefe, wangeongeza mabano ingine, hakungekuwa matata. »

« Maman, ni mutoto njo tunauliza, » prefe akanijibu, bila ukali. Kisha akamgeukia Furaha: « Nani alikufundisha hivi? »

« Ni papa. Iko mwalimu. »

« Basi papa yako anajua, ao hajue? »

Nafasi ilikuwa imebaki moja, na nyuma yetu walingoja wengine. Furaha alitazama ubao, hakunitazama mimi. Akasema: « Papa hajue. Jibu ni tatu. »

Prefe akaandika jina lake, tukapisha wengine.

Njiani kurudi kwangu Kadutu nilimnunulia mandazi, akayashika mpaka yakapoa. Tulipofika mlangoni ndipo aliponiambia: « Shangazi, usiambie papa. » Sikumwahidi kitu.

Yaya, wewe hukukosea. Nimeifanya hesabu ile kwa njia zote mbili, na kila njia inafika. Aliyekosea ni yule aliyeiacha na milango miwili, halafu mtoto akaadhibiwa kwa kupita mmoja. Nilikasirika, na mpaka leo nimekasirika, ingawa unanijua, mimi si mtu wa kupiga kelele.

Nisalimie mama, mwambie dawa yake ya kuchua inakuja. Nisalimie wifi yangu, mama Furaha, na tonton, mjomba wetu wa Kamanyola, mwenye ng'ombe, ambaye najua atasema wasichana hawahitaji hesabu, mwache aseme.

Furaha anateremka na lori la Jumamosi kuchukua nguo zake kabla ya shule kufunguliwa. Ataogopa kukutazama usoni. Mpe chakula, mwite kwa jina lake, na usimwulize mtihani ulikwendaje. Amekukana mara moja ili asome. Usimfanye akukane mara ya pili.

Dada yako mdogo,
Mapendo