Mikorosho ya Mjomba Dadi

Jumatatu, Juni 1957

Dada yangu Mama Muharami,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na kile kiuno kilichokusumbua masika kimeachana nawe. Sisi tu wazima, ila macho yangu hayaoni tena tundu la sindano mpaka Mwanasha anitungie uzi. Fundi anayetungiwa uzi na mkewe, sijui aitwe fundi au mwanafunzi.

Ujumbe wako ulifika, kwamba arobaini ya Mjomba Dadi imepita, na wazee wa kwetu Mkunya wananingoja Ijumaa hii nishike nafasi yake na kupokea mikorosho yake. Nilifurahi, dada. Dasalama imenichosha. Miaka yote nashona kwenye kibaraza cha watu, na sasa mwenyewe anakitaka. Nikamwambia wifi yako tuhame, turudi Newala.

Aliniuliza habari ya maji. Nikamjibu yapo tele, ila yako bondeni na sisi tuko juu. Akacheka, akasema kichwa cha kubebea anacho, asiye na kichwa ni mimi. Nikadhani yamekwisha.

Kesho yake akaja na swali jingine, wala hakucheka. Nikifa, mikorosho ile itakwenda kwa nani? Nikamweleza kama tulivyolelewa: itakwenda kwa Muharami, mtoto wa dada yangu, kama inavyonijia mimi kutoka kwa kaka wa mama yetu. Akasema basi yeye atapalilia, wanetu Zena na Mohamedi wataokota korosho, na siku nitakayozikwa watafunga mizigo. Nikamwambia watoto wa kwetu huenda kwa mjomba wao. Akasema mjomba wao ni mpagazi wa bandarini, na chumba chake ni kidogo hata yeye mwenyewe hulala miguu nje.

Tukanuniana. Akafunga nguo zake arudi kwao, akazifungua, akazifunga tena, mara hii kwa kunifuata. Mimi nilishona suruali ya mteja, miguu miwili ikawa mmoja.

Muharami, wewe unayemsomea mama yako, usiruke hapa. Dada, juu ya barua sikuandika mahali, kwa sababu siko Dasalama. Tuko Masasi, hapa Mkomaindo, sote wanne. Tulishuka meli Lindi, na lori lilipotufikisha hapa nilitakiwa kupanda la Newala. Miguu ikakataa. Rafiki yangu Nikolao akanipeleka kwa wakubwa wa mji, nikapewa kipande cha pori. Hakina mkorosho hata mmoja, na hakina mjomba. Nitakachopanda humo kitakuwa cha wanangu, na wakubwa hao wamenisikia nikisema hivyo.

Kwa hiyo nafasi ya Mjomba siishiki. Aishike Muharami sasa, asingoje kifo changu. Najua wazee watasema Mahmudu ameuuza ukoo kwa mwanamke wa pwani. Hayo nitayameza. Linaloninyima usingizi ni wewe, uliyenilisha uji mama alipofariki, uone haya mbele yao kwa ajili yangu.

Ijumaa tutapanda huko, niyaseme haya kwa kinywa changu. Mwanasha anasema atakuamkia, umwitikie usimwitikie. Ukitutandikia mkeka, tutakaa. Usipotandika, nitasema nimesimama uani, kisha tutashuka na lori lilelile.

Nisalimie mkwe wako na jirani Bibiana. Watoto wanakuamkia shangazi yao, ambaye bado hawajamwona.

Mimi mdogo wako,
Mahmudu