Umeme Ukikatika, Mimi Nabaki

Nkwenda, Jumanne usiku

Umeme tena! Nilikuwa napandisha volti za mashine ya kupimia mionzi polepole, zimeshapita mia tano, maabara nzima ikawa giza. Nikarudisha kitufe kwenye sifuri, maana umeme ukirudi kwa kishindo utaunguza mrija wake wa kunasia mionzi.

Mama Jenipha, mpishi wa shule, akaja kuchukua meza iliyobeba mashine.

"Shikamoo mama. Usiguse!"

"Marahaba. Mwalimu, si umeme umekatika? Unaogopa nini?"

Nikasimama kati yake na meza. Kapasita ya mashine inahifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Mpaka niiguse kwa waya wa ethi ili umeme uishie ardhini, halafu nipime, siondoki hapo.

Mkuu wa shule akatukuta hivyo. Nikamuuliza kuhusu uhamisho wangu wa kwenda Nyabiyonza, kwa mama yangu anayeumwa. Akacheka.

"Ukiondoka, si hii mashine itaua mtu?"

Kinachoniudhi ni kwamba hakosei. Mwenzangu wa fizikia hataki hata kuisogelea, na mama yangu simu ya leo amepokea kwa sauti ya...

Kabla ya kufunga maabara nikabandika karatasi mlangoni: HATARI, USIINGIE. Nikashtuka kwamba nimeibandika upande wa ndani.