Mashine Iliyouliza Tuko Wangapi

Mdogo wangu Elinami,

Naomba barua hii ikukute mzima, na mvua iwe imeshafika huko Old Moshi, migomba imeinua shingo. Mimi na mwanangu Aikande hatujambo kwa mwili. Najua mlinisubiri uwanja wa ndege Jumamosi. Nikueleze kwa utaratibu kwa nini sikushuka.

Unakumbuka Mama alivyoleta udongo wa kaburi la Baba kutoka Tanga. Alikata tiketi mbili za basi, na kila kituo alisema, "Tumefika Same, Baba Ndekirwa." Alitufundisha kwamba aliyezikwa ugenini hakataliwi njiani, ukimkataa, hakufuati tena. Nami nilifunga udongo wa kaburi la shemeji yako katika kanga yake, nikamwahidi kumrudisha kihambani, kwenye shamba la ukoo wetu.

Siku hizi huku ughaibuni, uwanja wa ndege karani wa kupokea abiria ni nadra. Kuna mashine mfano wa kabati, yenye kioo. Unagusa maandishi kwa kidole, nayo inatoa karatasi ya kupandia ndege. Iliuliza: mnasafiri wangapi? Nikagusa wawili. Ikataka pasipoti ya pili. Nikagusa tena wawili. Ikakataa.

"Shikamoo mzee," akasema binti mmoja wa Nairobi anayesaidia abiria pale. "Uko na nani?"

"Na mke wangu."

Akatazama nyuma yangu. "Ameenda chooni? Basi gusa mmoja, yeye atajisajili akirudi. Watu wanangoja, mzee wangu."

Kweli, walikuwa wameanza kuguna. Nikagusa mmoja.

Karatasi ikatoka. Nikainama kuinua furushi. Fundo lilikuwa vilevile, udongo umo, lakini uzito haukuwepo. Elinami, ilikuwa kama nimeinua kanga tupu. Karatasi nikaiacha palepale kwenye mashine, nikarudi nyumbani kwa Aikande.

"Baba, ni uchovu tu," alisema, na kesho yake akapiga simu kwa shirika la ndege kuomba tarehe nyingine. Nikamwona anauliza tena, anakaa chini. Walimjibu kuwa tiketi imeshatumika. Abiria alipanda, akala, akashuka.

Jirani yetu anayeruka kesho atakuletea barua hii. Msalimie mkeo, na shangazi yetu mwambie dawa ya miguu naitafuta. Salamu pia kwa mchungaji, ila haya usimsomee.

Mbwa wakibweka kwenye njia ya kihambani nawe humwoni mtu, usiwatulize. Fungua geti, mwamkie shemeji yako, umwonyeshe mahali pake. Mwambie ni kidole kilichomkataa, si mimi.

Kaka yako akupendaye,
Ndekirwa