Mbuzi wa Uchaguzi

Mwanda, 3 Machi 1958

Kwa mpwa wangu Noah, stesheni ya Voi.

Ashukuriwe Mungu, atupaye pumzi kila siku bila kutuuliza ya jana tuliitumiaje. Nakusalimu katika Bwana, wewe na Gertrude mkeo. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto hunilaumu nipandapo kwenda kanisani.

Nimekubali kugombea tena kiti cha Baraza la Wilaya, nilichokalia kabla ya Donald, anayekitetea sasa. Wenzako wa reli wanauliza nilifanya nini huko. Wajibu kweli: nilipitisha sheria moja tu, kwamba majira ya kupanda kila mbuzi na ng'ombe afungwe, na atakayekaidi atozwe faini. Sina nyingine ya kujivunia.

Donald huchinja ng'ombe kila Jumamosi. Nami watu wamenichangia mbuzi niwalishe wapiga kura, hata zizi limejaa. Sitawachinja, maana zawadi huwapofusha wenye kuona.

Mjomba wako,
Gibson Mwandawiro

Voi, 11 Machi 1958

Shikamoo Mjomba. Huku sote wazima. Gertrude anakuletea dawa ya kuchua goti.

Niliwasomea wenzangu barua yako, nami nimeanza kuwachangisha senti za kukusaidia. Opiyo wa karakana akasema, "Mwenye mbuzi asiyechoma nyama si mgombea, ni mchungaji." Nikamwambia kazi hiyo umeifanya kanisani miaka mingi.

Kwa heshima, Mjomba, choma hata wawili. Mwenye njaa husikia sheria kama mvua juu ya mabati. Ukishindwa, Donald ameapa kuifuta sheria yako, na mashamba yataliwa kama zamani.

Mpwa wako mtiifu,
Noah

Mwanda, 9 Aprili 1958

Mpwa wangu, amani ya Kristo iwe kwenu. Goti limepoa, mshukuru Gertrude.

Nimeshitakiwa. Mbuzi wa michango walivunja zizi, wakala maharagwe machanga ya jirani yangu Wakesho, yule mjane. Alfajiri alikuja mlangoni na shina lililotafunwa. "Mheshimiwa," akasema, "sheria yako imeamkaje?"

Wanaoniunga mkono walinishauri nimpe mbuzi mmoja anyamaze mpaka uchaguzi upite. Nikakataa kumziba mdomo kwa mali ya watu. Nilikwenda naye kwa chifu, nikasimama pale nilipozoea kuwaona wengine. Faini nimeilipa kwa kuuza mtamba wangu. Maharagwe nimeyapanda upya kwa mkono wangu, Wakesho akisimamia na kusema mistari imepinda. Mbuzi wote nimewarudisha kwa wenyewe.

Donald anapita akisema mtunga sheria amenaswa. Watu wanacheka. Nami nilicheka, lakini naona kiti kimekwenda. Usiwachangishe tena wenzako.

Mjomba wako

Mwanda, 28 Aprili 1958

Mpwa wangu, msifu Mungu pamoja nami.

Juzi Jumamosi tulisimamishwa uwanjani, kila mpiga kura apange mstari nyuma ya mtu wake. Mstari wa Donald ulijaa upesi. Nyuma yangu alikuwapo mke wangu, na ukungu.

Ndipo Wakesho akaja, akasimama nyuma ya mke wangu. Donald akamwita: "Mama, huyo si ndiye aliyekula maharagwe yako?"

"Ndiye," akajibu, sauti ikifika barabarani. "Nawe ng'ombe wako akila, nitakushitaki kwa sheria ipi, na wewe wataka kuifuta? Huyu akikosa, najua pa kumpeleka."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kuhama, wengine mafuta ya nyama ya Donald yangali midomoni. Nimerudi barazani.

Bwana akulinde wewe, Gertrude na watoto. Ailinde mimea yenu na afya zenu, na nyumba yenu isikose kamwe mtu wa kuwaambia kweli.

Mjomba wako,
Gibson Mwandawiro