Chumba cha Kumwambia Mama

Jumatano, 13 Agosti 2025

Tumefika Gisenyi saa tisa alasiri. Bahizi alikufa saa saba, sisi tukiwa ndani ya basi, tumeshapita Musanze. Wifi yangu Vénantie alinipigia kutoka Goma. Nikajibu ndiyo, ndiyo, sawa, kama mtu anayetajiwa bei ya viazi. Mama alikuwa ubavuni mwangu na chupa ya maziwa aliyombebea mwanawe. Akauliza vipi. Nikasema kaka anaendelea.

Anaendelea! Mungu anisamehe.

Kwetu mama haambiwi kifo cha mwanawe njiani. Anaambiwa nyumbani, amekaa, watu wamemzunguka, na wa kumshika wapo. Hata tulipokuwa wakimbizi Karagwe ilikuwa hivyo. Lakini hapa hatuna ndugu hata mmoja, ukoo wote uko Kayonza. Nimrudishe? Hataki. Amekuja kumpokea mgonjwa wake, ampeleke Kigali kwa daktari, na hatoki hapa bila yeye. Bahizi atavuka mpaka kutoka Goma, ndiyo – ndani ya sanduku, karatasi zikikamilika. Siku tatu, nne, anasema Vénantie.

Kwa hiyo natafuta chumba. Cha bei ya mwalimu wa shule ya msingi, na ambacho mwanamke mzee anaweza kupiga yowe ndani yake.

Hoteli za ziwani: faranga laki moja kwa usiku. Nilicheka mbele ya msichana wa mapokezi, akakasirika. Ya pili, elfu themanini, na kifungua kinywa. Mwishoni tumepata lodge ya elfu kumi na tano, kuta za mbao. Mwenyewe anaitwa Connie, amekulia Uganda. Nitamwambia Mama kesho asubuhi.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikumwambia. Kuta zile! Jirani akijikuna nasikia.

Nilitoka uani kuzungumza na Vénantie, nikalia kidogo, Connie akanisikia. Alinishika mkono, akanipa pole ya kweli. Halafu akaniambia kesho ni Assomption, sikukuu ya Bikira Maria, watu wa Kigali wanakuja kuogelea na wameshalipa. “Sorry sana, dada. Lakini msiba hapa, no. Wageni watakimbia.” Na kuanzia kesho chumba ni elfu thelathini na tano, bei ya sikukuu.

Nimejaribu kumchukia, nimeshindwa. Ningekuwa na lodge ningesema hivyo hivyo.

Mama anauliza mbona Bahizi hapokei simu. Nimesema chaji.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama nilimwacha kanisani na mizigo, kwenye misa ya sikukuu, nikazunguka. Pamejaa. Pamejaa. Pana nafasi, elfu sitini. Pana nafasi, lakini disko iko chini. Mahali pamoja mtu alinitazama viatu kabla ya kunijibu. Watoto wa Kigali wanapita na taulo mabegani, wanacheka, na mimi nawaonea hasira kana kwamba wao ndio wamemuua.

Saa nane nikaishia kwenye nyumba ya wageni ya masista. Safi, elfu kumi na mbili na supu juu. Nilimweleza Sista Illuminée ukweli wote. Akanivutia kiti. Kisha akasema vijana wako kwenye mafungo, hapasemwi neno hadi Jumapili. Mama angoje Jumapili, ndipo atalia vizuri. Alisema kwa upole kabisa. Atalia vizuri! Nimechukua vitanda viwili, tutafanyaje.

Mama ameketi akakigonga kitanda. Akasema, kwa kunong'ona maana ameshajua sheria ya humu, kwamba mgonjwa halali juu ya kitu kama hiki. “Rahisi ghali, Iribagiza. Kaka yako alikulipia shule yote, leo unamtafutia vyumba vya bei ya chini.” Afadhali anikasirikie mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepata.

Mbugangari, nyuma ya soko. Lodge ya madereva wa malori, mwenyewe mzee Faradji. Nilisimama mlangoni nikamwaga yote kabla hata ya kuuliza bei. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia: “Lete mama. Hapa iko karibu na barrière ya mpaka, mambo ya kilio tunazoea. Batatoa viti salon, batatandika mikeka, bibi yangu ataita majirani. We utalipa kitanda tu. Kilio, mi silipishi.”

Hapo ndipo nililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, mbele ya madereva wawili wanaokula maharage. Hawakugeuka, wakaendelea kula. Nawashukuru.

Lakini ilikuwa jioni, na habari ya namna ile kwetu haitolewi jua likishazama. Kesho asubuhi, basi. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema. Mimi nimekificha kilio chenyewe siku nne. Naogopa Mama atanisamehe Bahizi kufa lakini hatanisamehe hizi siku nne.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi nilikwenda kwa Faradji, nikatoka na mkewe na majirani wawili, ili Mama asitembee njiani na mimi tu. Tulipofika kwa masista, kitanda kitupu. Sista akasema Mama ameondoka na pikipiki na mizigo yote, na alimsikia akimtajia dereva hoteli.

Hoteli ya ziwani. Ile ya laki moja.

Nimewaacha wamama chini nikapanda. Kumbe kabla ya safari aliuza ng'ombe, yule yule aliyepewa na Bahizi, na fedha alizifunga kiunoni ndani ya kitenge. Amelipia siku tatu. Kwa jina la Bahizi! Kitanda ni kikubwa, shuka nyeupe, dirisha linaona maji. Ameshatandika upande mmoja kitenge chake mwenyewe, maana shuka za watu huwezi kujua. Ananiambia nibonyeze godoro. Nimebonyeza. Ana furaha. Ananiambia sasa hata akiwa mgonjwa, akifungua macho ataona kuna watu waliomjali.

Nikasema naenda kunawa. Naandika bafuni, nimekaa juu ya kifuniko cha choo, mlango nimefunga. Vénantie ameandika: karatasi zimetoka, gari liko kwenye foleni ya barrière, sanduku linavuka mchana huu.

Chini kwenye bustani wanapima vipaza sauti, kuna harusi.

Simu ya chumbani inalia. Mama ameipokea. Nasikia anauliza wangapi. Watatu. Wamevaaje? Anacheka kidogo. Sasa anagonga mlango wangu, anasema kuna wamama wamekaa mapokezi, wamekataa soda, hawasemi na mtu. Itakuwa wamesikia Bahizi anakuja, wamekuja kumsalimia. Watu wa huku wana utu, anasema.

Amewaambia wapande.