Meza ya chanjo msibani

Alhamisi, Mahajanga

Siachi kumfikiria mtoto wa Mariamu.

Asubuhi, shule ikiwa imenituma kumsaidia muuguzi, tulitandika meza ya chanjo mbele ya msikiti, hakuja mtu. Kumbe mzee mmoja alifariki alfajiri, na kina mama wote wa mtaa wetu wa Tsaramandroso walikuwa kwake wakipika. Barafu kwenye sanduku la dawa ilikuwa inayeyuka.

"Wewe ni mtoto wa hapa," muuguzi, Madamu Soa, akaniambia. "Ingia msibani ukawaite."

Mimi, ambaye darasani sithubutu hata kunyoosha mkono! Nikamnong'oneza bibi mmoja mlangoni.

"Sauti gani hiyo, mwanangu? Umekuja kuiba kuku?" Kisha akapaza yake: "Wenye watoto, tokeni kwa zamu! Vyungu tutavitazama sisi wazee."

Tukahamishia meza uani kwa marehemu, wakaja. Isipokuwa Mariamu, jirani yetu. Nilimwona nyuma kabisa anapakua wali, mtoto mgongoni. Hakuwa amesikia. Ningemfuata, lakini kupita katikati ya wanawake wote wale...

Barafu ikaisha, tukafunga sanduku. Madamu Soa harudi mpaka mwezi ujao, na surua, wanasema, imeshafika Katsepy, ng'ambo ya ghuba.

Kesho kabla ya shule nitamwambia Mariamu ampeleke mtoto hospitali. Nitabisha hodi kwa nguvu.