Nani anaikimbiza mashine ya Neema?

Jumatano, mwezi wa tatu. Mawingu yametanda juu ya Nachingwea tangu alfajiri, lakini mvua inaringa. Nina furaha na nina aibu, vyote kwa pamoja. Naanza na furaha.

Leo nimetibu kompyuta.

Shule mimi niliishia darasa la nne. Barua naisoma kwa kidole, polepole. Lakini jenereta la misheni nililiendesha miaka mingi, na mashine ya kusaga ya kule Mtua naijua kwa sauti. Hata nikiwa barabarani nasema, hapo beringi imechoka, na kweli wakifungua wanakuta imechoka. Nani mwingine Nachingwea hii anaweza? Kama yupo ajitokeze.

Neema, mke wa mwanangu, ana steshenari karibu na stendi. Anachapa, anatoa kopi. Mwanangu Joakimu ana ya kwake Ruangwa. Kuna programu inayopeleka nakala ya kila kazi ya Neema kwa mtandao mpaka kwenye kisanduku kilichopo chumbani kwa Joakimu, ili huku kikiharibika kitu, kule kiwepo.

Basi tangu Alhamisi kompyuta ya Neema ilikuwa inahema. Feni inalia kama inapanda mlima. Ukibonyeza herufi, inatokea wakati umeshasahau ulibonyeza ipi.

Na ndani yake kulikuwa na makubaliano ya Masanja.

Masanja ni mfugaji, amekuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, anakaa Nambilanje. Wiki mbili amezunguka na wakulima, mti kwa mti, kijito kwa kijito, mpaka wakakubaliana ng'ombe wapite wapi kwenda mtoni bila kukanyaga mbaazi za watu. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono ililowa mvua ikawa uji. Kilichobaki ni alichochapa Neema juzi Jumatatu. Kesho wanasaini. Bila karatasi, kila mtu ataanza kukumbuka mti wake, na fimbo zitafuata.

Neema alijaribu kuyafungua, hayafunguki. Akachomeka flashi ayanakili, kompyuta ikaganda. Ilipozinduka akaangalia orodha ya nakala zilizofika Ruangwa, ya mwisho ni ya Alhamisi asubuhi. Makubaliano kule hayapo. Akampigia fundi. Fundi akasema dawa ni moja tu, atakuja saa nane, afute kila kitu, apige Windows upya.

Nikasema mimi nipo. Neema akaniangalia.

"Baba, hii siyo jenereta."

"Kinachozunguka ni kinachozunguka," nikamjibu.

Masanja alikuwa amekaa kwenye benchi na fimbo yake. Akaisikiliza ile feni, akatikisa kichwa. "Mzee mwenzangu, kwetu ng'ombe akihema hivi tunachinja kabla hajafa."

"Kwetu tunauliza kwanza nani anamkimbiza."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini swali lilikuwa hilo hilo. Nani anaikimbiza?

Neema akafungua ile orodha inayoonyesha kila programu inakula nguvu kiasi gani. Maneno yananishinda, namba hazinishindi, nimesoma mita nyingi mimi. Programu zote zilikuwa na moja, mbili, sifuri. Moja peke yake ilikuwa na tisini na kitu. Ile ya kupeleka nakala. Neema alikuwa ameizima mara mbili na inajiwasha yenyewe, ndivyo Joakimu alivyoipanga.

Neema akasema labda ina mzigo mkubwa wa kupeleka. Sikukubali. Jenereta lenye mzigo nalijua, ukiuondoa mzigo linapumua. Nikamwambia achomoe intaneti tuone. Akachomoa.

Namba haikushuka. Ikapanda.

Hapo nilisisimka mpaka nikasimama. Mashine ya kusaga ikiishiwa mahindi haitulii, inakimbia zaidi, jiwe linajisaga lenyewe. Kumbe hii haibebi kitu. Inakimbia tupu! Lakini inakimbilia wapi?

Nikauliza kama programu ina daftari la zamu. Sisi wa jenereta tulikuwa nalo, kila kinachotokea unaandika, saa na siku. Neema akasema lipo, ila hakuwahi kulifungua. Likachukua muda kufunguka, mpaka tukamaliza birika la chai. Lilikuwa limejaa mstari mmoja. Ruangwa haijibu, najaribu tena. Ruangwa haijibu, najaribu tena. Nikatazama saa iliyo pembeni. Mistari mamia, na sekunde ni ile ile moja.

Kwetu unapiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa unaondoka, unarudi jioni. Hii ilikuwa inapiga hodi bila kuvuta pumzi tangu Alhamisi, na mlango umefungwa.

Nikauliza, imeambiwa isubiri muda gani kati ya hodi na hodi? Neema akatafuta kwenye mipangilio. Sifuri. Joakimu aliweka sifuri ili nakala ziwahi. Ruangwa ilipokuwa inaitika, sifuri haikudhuru mtu. Isipoitika, ndiyo hayo. Tukaandika sekunde sitini.

Feni ikashuka, ikashuka, ikanyamaza. Ghafla tukasikia mbuzi nje.

Makubaliano yakafunguka mara moja. Printa ikatoa kurasa nne. Masanja akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa kamba, akauweka kifuani ndani ya shati.

"Wewe mzee ni mganga."

"Na bado hujaniona nikiwa kijana," nikamwambia.

Neema akamzuia fundi asije. Kisha akampigia Joakimu na kumsema vizuri kwa ile sifuri yake. Sauti ya mwanangu niliisikia mpaka nilipokaa, anaomba radhi, anasema hakufikiria, na Ruangwa kutojibu labda ni mtandao tu. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Sasa aibu.

Sifuri ndiyo iliyoichosha mashine. Lakini mlango haukufungwa na sifuri.

Alhamisi nilikuwa Ruangwa kwa Joakimu. Ametoka, niko peke yangu, naona kisanduku chumbani kinawaka taa na hakuna mtu. Kwenye kazi yangu injini haiachwi inawaka bila mtu wa zamu. Haiachwi! Nikakichomoa, nikakifunga kwenye kitenge kisiingie vumbi, nikakiweka juu ya kabati. Nikajisifu kwamba nimemwokolea umeme. Sikumwambia mtu, nikapanda gari nikarudi.

Nilipoona mstari wa kwanza kwenye lile daftari, Alhamisi, saa tano, nilijua. Kabla ya sifuri nilikuwa nimeshajua. Fundi angefuta, na miti yote ya Masanja ingepotea kwa sababu ya mkono wangu huu, kwa kuwa nakala haikuwa na mahali pa kwenda.

Kwa nini sikusema pale pale? Nimejiuliza tangu mchana. Kwanza Masanja ananiita mganga. Halafu Neema ana simu sikioni na anamsema mtu mwingine, na kuna raha mbaya mtu mwingine anaposemwa kwa kosa lako. Sikuijua raha hiyo mpaka leo, na nina miaka sabini na kitu.

Haya yote nimeyaandika kwa kidole kimoja, na Neema ndiye hunisahihishia kabla hayajatoka kwa wasomaji.

Mkwe wangu, najua umefika hapa. Weka mikato panapotakiwa na usifute mstari hata mmoja. Halafu mpigie tena Joakimu, mwambie aangalie juu ya kabati.

Ukimaliza, nipe hiyo simu.